Kwenda kwenye barafu ya Margherita, Rwenzori: njia ipi, siku ngapi, vifaa gani?

Kato_Ntinda

Wapenzi wa milima, habari zenu. Tuko wanne hapa Kampala na tunapanga kwenda Rwenzori mapema Januari. Lengo letu ni barafu yenyewe. Tukijaliwa kufika kilele cha Margherita tutashukuru, lakini tunachotaka kwanza ni kusimama juu ya barafu ya mlima Stanley, wenye kilele hicho, ingali ipo. Wawili wetu walishapanda kilele cha Wagagai kule mlima Elgon, mmoja ni mkimbiaji, na wa nne ni mjomba wetu wa miaka 58. Yeye hutembea sana shambani, ila hajawahi kupita mita 3,000.

Wenye kampuni za safari wametupa mipango mitatu: siku 7 kupitia Nyakalengija, siku 8 kupitia Kilembe, na mmoja anasema siku 6 zinatosha na bei yake iko chini. Naomba ushauri wenu. Tupite njia gani? Siku ngapi hasa? Gambuti au viatu vya mlima? Na mjomba tumpangie nini?

Mkaazi_wa_Bugoye

Karibu sana ndugu Kato. Nianze na hizo siku 6, maana ndizo zinazoharibu safari za watu wengi. Usizikubali.

Ukishapita mita 3,000, kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena pale pale ulipolala jana. Sasa iangalie njia ya Nyakalengija. Lango liko karibu mita 1,650. Usiku wa kwanza unalala Nyabitaba, mita 2,651. Wa pili John Matte, 3,505. Wa tatu Bujuku, 3,962. Wa nne Elena, 4,541. Halafu unaamshwa saa nane usiku uanze kupanda kwenda 5,109. Kwa hiyo hata mpango wa kawaida wa siku 7 unakurusha zaidi ya mita 850 kati ya usiku wa kwanza na wa pili, na karibu 580 kati ya Bujuku na Elena. Ukiondoa siku moja hapo, mvua ikinyesha asubuhi ya kilele huna pa kukimbilia: ama unapanda kwenye hali mbaya, ama unarudi bila kuiona barafu.

Ningekuwa mimi ninayewapangia, ningechukua njia ya Nyakalengija kwa siku 8 na usiku wa ziada pale Bujuku. Siku hiyo ya kati si ya kulala kwenye kibanda. Mnapanda taratibu kuelekea Stuhlmann Pass, juu ya ziwa Bujuku, mnakaa huko kidogo, mnarudi kulala kambini. Mwili unaonja kimo kisha unapumzika chini yake. Zaidi ya hapo, siku hiyo ni akiba yenu ya hali ya hewa. Kama kilele kimefunikwa na wingu zito siku mliyopanga kuhamia Elena, mnaisogeza. Pesa ya siku moja ya ziada italeta faida kuliko koti lolote la bei mbaya mtakalonunua.

Kuhusu njia yenyewe. Siku ya kwanza ni msitu na kupanda kwa wastani, haina shida. Siku ya pili ndiyo ndefu kabla ya kilele, na ndiyo inayovunja vifundo vya miguu. Kutoka Nyabitaba mnashuka kwanza hadi daraja la Kurt Schäfer, pale mito Bujuku na Mubuku inapokutana. Njia ya kulia inafuata bonde la Bujuku, na ya kushoto ndiyo mtakayorudi nayo. Baada ya daraja ni mawe makubwa yenye kuvu, halafu mizizi ya ile miti yenye ndevu inayokaa juu ya ardhi. Mzizi uliolowa ukiukanyaga kwa mshazari utateleza tu, hata soli iwe nzuri vipi. Kanyaga katikati ya mizizi, kwenye tope, hata kama panachukiza. Wageni wengi wanafanya kinyume: wanakimbia tope, wanapanda mizizi, wanaanguka.

Siku ya tatu ni kinamasi cha Bigo. Sehemu zake zina njia ya mbao, nyingine hazina. Vile vishungi vya nyasi virefu vinashawishi mtu aruke kimoja hadi kingine. Ukiruka hivyo kwa saa mbili mapaja yanakwisha kabla hujafika ziwani, na kishungi kikipinduka unaingia hadi kiunoni. Pima kwa fimbo, weka mguu kando ya shina la kishungi, hamishia uzito polepole. Fimbo iwe na kile kisahani kipana cha chini, la sivyo inazama nzima na wewe unaifuata.

Kutoka Bujuku hadi Elena ni saa tatu au nne, kwanza kati ya misenesio mikubwa, ile mimea ya milimani mirefu kama miti, baadaye mwamba mtupu. Jitahidini mfike Elena mapema mchana, kabla ya saa nane. Kibanda kiko juu ya mwamba, ni kidogo na ni baridi kali. Mkifika mapema mnapata muda wa kula, kunywa, na kufunga vifaa vyote mchana kweupe. Anayejaribu kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu, kwa mara ya kwanza saa nane usiku, vidole vikiwa vimekufa ganzi, huwachelewesha wenzake wote.

Kuhusu saa ya kurudi, kubalianeni na mwongozaji kabla ya kulala: saa nne asubuhi, popote mlipo, mnageuka. Mawingu ya Rwenzori hupanda kutoka mabondeni asubuhi inavyosonga, na jua la ikweta linalainisha theluji iliyofunika nyufa. Daraja la theluji lililowabeba saa kumi na moja alfajiri laweza lisiwabebe saa tano.

Kyanjuki_Juu

Namheshimu ndugu wa Bugoye, lakini tarakimu zake zenyewe zinaitetea Kilembe. Kutoka Kyanjuki, njia ya Kilembe inapoanzia, karibu mita 1,450, mnalala Sine 2,596, Kalalama 3,147, Mutinda 3,582, Bugata 4,062, Hunwick's 3,974, kisha Margherita Camp 4,485. Hesabu mwenyewe: 551, 435, 480, halafu mnashuka kidogo, halafu 511. Hakuna ile ruka ya mita 850. Kwa mtu wa miaka 58 ambaye mwili wake haujawahi kukutana na hewa nyembamba, hilo ni jambo kubwa. Na kuna Mutinda Lookout, mita 3,975, ambayo mnapanda alasiri bila mizigo na kurudi kulala chini.

Wale wanaotaka mwonekano wa barafu bila kukanyaga barafu wana Weismann's Peak upande huu, mita 4,620, kwenye mlima Luigi di Savoia. Siku ya anga safi unaiona milima Stanley, Baker na Speke kutoka pale, na huhitaji kamba wala kramponi. Mjomba angeweza kuridhika kabisa na hiyo.

Mkaazi_wa_Bugoye

Kwa upandaji wa polepole sibishani, Kilembe inashinda. Ila umeacha upande wa pili. Mtu akiugua Hunwick's au Margherita Camp, kumtoa kupitia Kilembe maana yake ni kumpandisha tena hadi Bamwanjara Pass, mita 4,450, ndipo ashuke. Mgonjwa wa mwinuko dawa yake ni kushuka, na hapo unampandisha. Upande wa Bujuku kutoka Elena ni kushuka mfululizo hadi daraja la Kurt Schäfer, na kila saa inayopita anapata hewa zaidi.

Kyanjuki_Juu

Ni kweli, na kila anayepita Kilembe amwulize mwenye safari swali hilo ana kwa ana: mtu akianguka Hunwick's mnamtoa kwa njia gani, na wabebaji wangapi, na machela iko kambi ipi? Asiye na jibu la haraka usimpe pesa. Lingine la upande wetu ni mto Nyamwamba. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yaliharibu sana bonde la Kilembe, barabara na madaraja yakiwemo. Januari kwa kawaida hamtakuwa na taabu hiyo, lakini mtu anayepanga Aprili, Mei, au Septemba hadi Novemba aulizie barabara kabla hajatoka Kasese.

Januari mmechagua vizuri. Miezi yenye unafuu ni mwisho wa Desemba hadi Februari, na katikati ya Juni hadi Agosti. Nasema unafuu kwa sababu Rwenzori hainyimi mtu mvua mwezi wowote.

Fundi_Kamba

Suala la gambuti au viatu: vyote viwili, kila kimoja na kazi yake.

Gambuti ni za kuanzia mnapoingia kwenye tope hadi kwenye mwamba wa Elena, na tena wakati wa kurudi. Kiatu cha ngozi kikishajaa maji ya Bigo hakikauki tena mpaka mrudi nyumbani, na mguu uliolowa siku nne mfululizo unachubuka na kuoza ngozi. Chukua gambuti zinazofika chini ya goti, soli nene yenye meno marefu, saizi moja juu ya unayovaa. Ndani weka soli laini ya ziada na soksi mbili, nyembamba ndani na nzito nje. Tatizo la gambuti ni mteremko: kisigino kinacheza, mguu unasogea mbele, kucha za vidole gumba zinapigwa hadi zinakuwa nyeusi. Kata kucha fupi siku mbili kabla ya safari, na kabla ya kila mteremko mrefu vuta soksi zikae sawa. Zivae nyumbani kwa matembezi ya saa tatu au nne kabla hamjaondoka, mjue zinabana wapi.

Gambuti hazivaliwi kramponi. Soli yake inajikunja, mikanda inalegea, na kramponi inayoning'inia kwenye barafu yenye mteremko ni hatari kuliko kutokuwa nayo. Kwa barafu unahitaji kiatu cha mlima chenye soli ngumu isiyopinda ukiikunja kwa mikono. Kama hamna, kodisheni kwa mwenye safari, lakini jaribuni kabla ya kupanda: kiatu mguuni, kramponi imefungwa, mtu aupige mguu chini na kuutikisa. Isisogee hata kidogo. Halafu angalieni meno. Yaliyolika yakawa butu kama kidole hayashiki barafu ngumu ya alfajiri. Omba nyingine bila kuona haya.

Vingine vya barafuni ni mkanda wa kupandia unaovaliwa juu ya suruali ya mvua, helmeti, shoka la barafu, karabina (pete za chuma za kunasia kamba) mbili zenye kufuli kwa kila mtu, na kamba ya kundi. Kagueni kushona kwa mkanda pale kitanzi cha mbele kinapobeba uzito. Nyuzi zikiwa zimechakaa au rangi imepauka sana, ukataeni. Kamba iliyo na sehemu laini iliyobonyea ndani nayo ikataeni.

Mkiwa kwenye barafu, kila mtu akae karibu mita 10 na mwenzake, kamba isilegee ikaburuta chini wala isivutike. Kosa la kawaida ni watu wote kukusanyika kupiga picha mahali pamoja. Kama chini kuna ufa, uzito wa watu wanne umesimama juu ya theluji ile ile na kamba iko miguuni haina kazi. Pigeni picha mkiwa mmeachana, au mngoje mfike kwenye mwamba. Kingine ni theluji laini kuganda chini ya kramponi ikawa donge. Meno hayafiki tena chini na mtu anateleza. Gonga ubavu wa kiatu kwa mpini wa shoka kila hatua chache.

Na kuhusu hali ya barafu, mjue mnachokwenda kukiona. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipopanda vilele hivi na msafara wake, barafu za Rwenzori zilikuwa 43 kwenye milima sita, jumla ya kilomita za mraba 7.5 hivi. Kufikia mwaka 2005 zilikuwa zimebaki kwenye milima mitatu tu, chini ya nusu ya zile za mwanzo. Leo Baker na Speke yamebaki mabaki yasiyosonga, na barafu ya kweli iko Stanley. Hilo si historia tu, linabadilisha upandaji. Pale ambapo zamani mtu alikanyaga barafu tambarare sasa kuna mwamba uliofunuliwa juzi, mawe yake bado hayajatulia. Ndiyo sababu helmeti inavaliwa kuanzia Elena na haivuliwi mpaka mrudi Elena. Ukingo wa barafu umekuwa mwinuko mkali, nyufa zimefunguka, na waongozaji wanahamisha njia na kamba kadiri barafu inavyorudi nyuma. Ramani ya kwenye simu iliyochorwa miaka kadhaa iliyopita itakupeleka mahali ambapo hapana barafu tena, au penye ufa. Swali la kumwuliza mwongozaji ni moja: mara ya mwisho umepita juu lini, na umepita wapi?

Kato_Ntinda

Asanteni sana, mmenifungua macho. Siku 6 tumeziacha. Tunaelekea Nyakalengija siku 8. Maswali mawili yamebaki. Mjomba ana presha, anameza vidonge na iko sawa. Na mmoja wetu alipimwa zamani akaambiwa ni AS, siyo mgonjwa, ana ile asili tu ya sikoseli. Hilo lina neno mlimani? Na je, tunaweza kufika kwenye barafu bila kwenda kileleni?

Muuguzi_Fort

Nashukuru umeuliza la AS, wengi hawaulizi. Lina neno, ndugu yangu.

Mwenye ugonjwa wenyewe, yaani SS, asipande kabisa. Mwenye AS anaishi vizuri huku chini, lakini kwenye hewa nyembamba chembe zake za damu zaweza kubadilika umbo na kuziba mishipa ya bandama. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, mara nyingine na kichefuchefu au maumivu ya bega la kushoto. Watu wanadhani ni tumbo au uchovu wa kubeba begi. Si wote wenye AS hupata, lakini aende akaonane na daktari kabla ya safari, mwongozaji ajue, asikae bila maji wala kujilazimisha mbio, na maumivu hayo yakianza ashuke saa hiyo hiyo, asingoje asubuhi. Kwa Uganda hili si jambo la wachache. Utafiti wa kitaifa wa watoto wachanga ulikuta zaidi ya asilimia 13 wana hiyo asili, na Bundibugyo, hapo hapo chini ya Rwenzori, ni kati ya wilaya zinazoongoza. Wengine watatu ambao hawajawahi kupimwa wapime. Ni kipimo rahisi.

Mjomba na presha: kama imetulia kwa dawa, umri na presha peke yake havimzuii. Aende na kipimo chake cha mkono, aendelee na dawa zake, na daktari wake aziangalie majina kwanza, hasa kama ni zile za kukojoza, kwa sababu zinaweza kumkausha maji zikichanganywa na dawa ya mwinuko.

Dawa ya mwinuko ni asetazolamidi. Kwa kinga, mtu mzima humeza miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, akianza siku moja kabla ya kupanda. Itawakojoza mara nyingi, itawapa ganzi ya vidole na midomo, na soda itapoteza ladha. Hayo ni ya kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa asiimeze bila daktari kumruhusu. Mjaribu nyumbani kwa siku mbili, kusudi mjue miili yenu inaipokeaje mkiwa karibu na hospitali.

Dawa haiondoi kanuni. Kichwa kikiuma, chakula kikikataa na kichefuchefu kikaja, huo ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, na mtu huyo hapandi mita hata moja zaidi hadi dalili ziishe. Dalili mbili zinamaanisha kushuka mara moja, usiku au mchana. Ya kwanza: mtu anahema sana akiwa amekaa tu, anakohoa, au makohozi yana povu lenye wekundu, mapafu yanajaa maji. Ya pili: anayumba, anachanganyikiwa, anajibu ovyo, ubongo unavimba. Kipimo chake ni rahisi: mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, hatua kumi. Akishindwa, anashuka, na hashuki peke yake. Hapo ndipo deksamethasoni inapotumika, miligramu 8 mara ya kwanza kisha 4 kila baada ya saa 6, huku anashushwa. Ni ya kununua muda wa kushuka. Mtu akijisikia nafuu baada ya kuimeza msiseme amepona mkaendelea.

Na homa msiisahau. Kasese kuna malaria, na Kampala pia. Mtu akipata homa Bujuku msiseme ni mwinuko, maana mwinuko wa kawaida haumpi mtu homa kali. Bebeni vipimo vya haraka vya malaria viwili vitatu na dozi moja kamili ya dawa mseto. Maji ya vijito yana rangi ya chai kwa sababu ya udongo wa kinamasi. Rangi hiyo haidhuru, lakini chemsheni au wekeni dawa.

Mkaazi_wa_Bugoye

Kwa swali la barafu bila kilele: ndiyo, mnaweza. Kutoka Elena mnapanda mwamba, kwa mwendo wa kawaida kati ya saa moja na saa mbili, mnafika ukingo wa barafu ya uwanda wa Stanley. Hapo mnavaa kramponi na kamba, mnatembea juu ya uwanda na mwongozaji, mnageuka. Ugumu mkubwa uko mbele ya hapo: mnashuka kuzunguka miamba iliyo chini ya kilele cha Alexandra, mnapanda barafu ya Margherita yenyewe iliyo kali, kisha mwamba wenye kamba zilizofungwa hadi kileleni. Anayetaka barafu tu anaweza hata kuondoka Elena alfajiri badala ya saa nane usiku, akaona mapambazuko juu ya uwanda, akarudi mapema. Kramponi, helmeti na kamba ni vile vile. Uwanda kuwa tambarare hakuuondolei nyufa.

Kwa mjomba, kuna njia ya kumfanya awe sehemu ya safari yote bila kumlazimisha. Siku mnayohama Bujuku kwenda Elena, yeye anaweza kupita Scott Elliot Pass, mita 4,372, ashuke moja kwa moja hadi kambi ya Kitandara, mita 4,023, awangoje kando ya maziwa. Ninyi kesho yake mkitoka barafuni mnashukia huko huko. Akijisikia vizuri Bujuku baada ya ile siku ya ziada, aende Elena na aguse barafu. Akijisikia vibaya, Kitandara ipo, au arudi chini kwa bonde. Ila hilo linahitaji mwongozaji wa pili na mpishi au mpagazi wa kuandamana naye, na lazima liandikwe kwenye makubaliano kabla hamjalipa. Mkilidai mlimani hakuna mtu wa kumpa.

Kwenye makubaliano hayo hakikisheni pia yameandikwa: ada ya hifadhi imo au haimo, waongozaji wangapi siku ya barafu (mmoja kwa wapandaji wawili ndio unaofaa), vifaa vipi vya barafu vimo, nani analipia kushushwa kwa mgonjwa, na siku ya akiba ikitumika inalipwa vipi. Raia wa Afrika Mashariki analipa ada ya hifadhi kwa shilingi, chini sana kuliko mgeni, basi kila mtu aje na kitambulisho cha taifa chenyewe. Picha ya kwenye simu inaleta mabishano langoni.

Mizigo binafsi isizidi kilo 12 kwa mtu. Mpagazi anabeba pia chakula na nguo zake, na njia ile mliyoisoma hapo juu yeye anaipita na mzigo wenu. Kila kitu kifungwe ndani ya mifuko ya plastiki mizito kabla ya kuingia kwenye begi, blanketi la kulalia lifungwe mara mbili. Kifuniko cha mvua cha begi pekee hakitoshi, maji yanaingia upande wa mgongoni. Kuna seti moja ya nguo kavu ya kulalia ambayo haivaliwi kutembea hata iweje. Asubuhi mnavaa tena zile zilizolowa. Inauma kwa dakika kumi, lakini usiku mna uhakika wa kulala mkavu.

Betri za tochi ya kichwani na simu zilaleni nazo ndani ya begi la kulalia, baridi ya Elena inazimaliza usiku kucha zikiachwa nje. Bahasha ya bakshishi ya wapagazi andaeni Kampala kwa noti ndogo, mmoja mmoja apewe mkononi siku ya kushuka.

Basi kutoka Kampala hadi Kasese, iwe kupitia Fort Portal au Mbarara, ni safari ya siku nzima, hivyo msipange kupanda siku hiyo hiyo. Laleni Kasese au Ibanda, ile ya karibu na Nyakalengija. Kama gambuti zilibana kwenye yale matembezi ya majaribio, nunueni nyingine soko la Kasese jioni hiyo. Mwenye mguu wa saizi 45 na zaidi azitafute Kampala, Kasese hukosekana mara nyingi.

Kato_Ntinda

Nimepata. Mjomba amesoma yote na amekubali Kitandara kama mpango wa pili. Mwenzetu wa AS anakwenda kwa daktari Jumatatu. Leo nawaandikia wenye safari kuhusu mwongozaji wa pili na usiku wa ziada Bujuku, na jibu lao nitaliweka hapa mlitazame kabla hatujalipa.